Ndoo Iliyojaa Badala ya Kupungua

Siku niliyofunga kinyonyaji cha mbolea kwenye mfereji wa nje, hapa Kahawa West, nilisimama kando ya ndoo nikingoja maji yale ya buluu yapungue. Hayakupungua. Yalipanda polepole, kama uji unaotaka kufura, yakafika ukingoni, kisha yakanimwagikia viatu. Sukuma wiki ilipata maji matupu. Mbolea yote ikanyweshwa simiti ya mlangoni.

Fundi wa mabomba aliyekuwa kwa jirani alichungulia juu ya ukuta. Akatazama tangi langu, akatazama ndoo.

"Mzee, hayo maji hayana mbio," akasema, akarudi kazini kwake.

Nilidhani anataka kuniuzia pampu. Baadaye nilipokaa chini na kufuatilia jinsi kifaa hiki kinavyofanya kazi, niliona kwamba maneno yale machache yalikuwa yamebeba somo zima. Karibu kila kinachomkwaza mtu na kinyonyaji, iwe ni ndoo kujaa, mbolea kutoka kidogo au kutotoka kabisa, asili yake ni mbio za maji.

Kifaa chenyewe ni kidogo, kipande cha shaba kinachotosha kiganjani. Upande mmoja hufungwa kwenye mfereji, upande wa pili hupokea mpira wa kumwagilia, na ubavuni hutoka mrija mwembamba unaozama kwenye ndoo. Hakitumii stima wala betri. Unachanganya mbolea nzito ndani ya ndoo, unafungua maji, nacho kinavuta ile mbolea kidogo kidogo na kuichanganya na maji yanayopita, hata mwisho wa mpira yanatoka maji yaliyo tayari kwa mmea. Mwenye vitanda vitatu vya mboga hupumzika kubeba keni moja baada ya nyingine. Mwenye magunia mawili ya spinachi mlangoni hana haja nacho, na ningemshauri asitumie hela zake.

Jina lake la kibiashara ndilo linaloanza kuwachanganya watu. Kinauzwa kama saifoni, ilhali si saifoni. Saifoni halisi ni ile ya makanika anayetoa petroli kwenye tangi la gari: anaingiza mpira, anavuta kwa mdomo mara moja, anateremsha ncha kwenye mtungi ulio chini, na petroli inajiendea yenyewe. Kinachoivuta ni mteremko. Mtungi ukiinuliwa juu kuliko tangi, mchezo umekwisha. Sasa angalia kinyonyaji: ndoo iko chini, kifaa kiko juu kwenye mfereji, na mbolea inapanda. Mteremko hauwezi kupandisha kitu, kwa hiyo lazima pawe na nguvu nyingine.

Nguvu hiyo anayeendesha boda boda ya kabureta huitumia kila siku bila kuifikiria. Ndani ya kabureta hewa hupitishwa mahali palipobanwa. Ikifika pale hukimbia, na pale inapokimbia shinikizo lake hushuka, petroli iliyo kwenye kibakuli cha chini ikavutwa juu kupitia kitundu kidogo. Bunduki ya rangi ya mafundi wa magari yenye kikombe chini inafuata mwendo huo huo. Ukitaka kuonja jambo hili kwa mikono yako, shika karatasi mbili zining'inie sambamba, nafasi ya vidole viwili kati yake, kisha puliza katikati. Ungetarajia zitengane, lakini zinakumbatiana, maana hewa inayokimbia katikati inasukuma kidogo kuliko hewa iliyotulia nje.

Daniel Bernoulli aliandika juu ya uhusiano wa mwendo na shinikizo la maji mwaka 1738. Mwitaliano Giovanni Battista Venturi akachapisha majaribio yake ya maji ndani ya mirija iliyobanwa mwaka 1797, na ndiyo maana mafundi wa umwagiliaji hadi leo husema mrija wa Venturi.

Tuingie ndani ya kile kishaba. Tuseme maji yanaingia kupitia tundu la milimita 12, kisha yanabanwa hadi milimita 4, mahali tutakapopaita koo. Kipenyo kimekuwa theluthi, lakini eneo la kupitia limekuwa sehemu moja kwa tisa. Maji hayabanwi yakawa madogo, kwa hiyo yale yale lazima yapite kooni kwa mwendo mara tisa. Mfereji ukitoa lita 10 kwa dakika, maji yanaingia kwa takriban mita 1.5 kwa sekunde na kupita kooni kwa takriban mita 13. Kwa mwendo huo shinikizo pale kooni huanguka kwa karibu baa 0.9 (baa ni kipimo cha shinikizo). Likianguka hadi chini ya shinikizo la hewa inayotuzunguka, hewa hiyo hiyo ndiyo inayokandamiza uso wa ndoo na kuisukuma mbolea iingie mrijani. Hata neno kinyonyaji, basi, limepotoka kidogo. Kifaa hakinyonyi, kinaacha nafasi tu, na hewa ya Nairobi inafanya kazi ya kusukuma.

Sasa lirudie tangi langu. Limekaa juu ya mnara wa vyuma wenye urefu wa mita 3, kama matangi mengi ya mtaani. Kila mita 10 za kimo huleta takriban baa moja, kwa hiyo mita 3 ni baa 0.3. Vinyonyaji vya shaba vya aina hii kwa kawaida hutaka baa 2.4 hivi, sawa na tangi lililowekwa mita 24 juu. Hilo ni jengo la ghorofa nane. Maji yangu yalikuwa yanajikokota hadi kooni, hayana mbio za kushusha shinikizo, na kwa kuwa mbele yake kulikuwa na mita 30 za mpira wa kuyarudisha nyuma, yaliona njia nyepesi ni kuteremka kwenye mrija mwembamba hadi ndooni. Ndoo ikajaa. Valvu ndogo ya ubavuni ambayo ingezuia hilo, yangu ilikuwa imekwama wazi kwa kipande cha uchafu.

Nani basi ana mbio za kutosha? Maji ya bwawa la Ndakaini hushuka kwa mteremko kupitia mtambo wa kusafisha maji wa Ng'ethu hadi kwenye matangi ya Gigiri, kisha husambaa mjini, kwa hiyo aliye bondeni mara nyingi hupata msukumo mkubwa kuliko aliye kilimani. Lakini huo ni msukumo wa siku ya maji. Kwa mgao tulionao, laini inaweza kuwa kali Jumanne na kavu Alhamisi. Njia ya uhakika ni pampu ndogo ya nguvu farasi nusu, ile ambayo wengi tayari wanayo ya kupandisha maji kwenye tangi la juu. Kibandiko chake mara nyingi huonyesha kimo cha mita 30 hadi 40. Hicho ni kimo cha pampu ikiwa haitoi maji yoyote. Ikianza kutoa lita 10 kwa dakika kimo hupungua, ila kwa kawaida bado kinatosha kuliamsha koo la kinyonyaji.

Na asiye na pampu? Aachane na kinyonyaji. Nasema hivi nikijua wauzaji hawatafurahi. Weka pipa la lita 200 kando ya bustani, ukoroge gramu 200 za mbolea ya kuyeyuka ndani yake, halafu uchote kwa keni au uyaache yatiririke kwenye mipira ya matone. Hakuna koo, hakuna uwiano wa kukokotoa, na kila tone lina kipimo kile kile. Kinyonyaji kilibuniwa kwa ajili ya mtu aliye na presha na anayechoka kukoroga.

Aliye na presha bado anaweza kuipoteza mwenyewe. Kosa kubwa ni kufunga bunduki ya kunyunyizia mwishoni mwa mpira na kuibana ili maji yaruke mbali. Ukibana mwisho, maji yanarundikana nyuma, tofauti ya shinikizo kati ya mbele na nyuma ya koo inapungua, na kunyonya kunakoma. Mpira mrefu unafanya vivyo hivyo kwa msuguano tu. Karatasi zinazokuja na vifaa hivi kwa kawaida hutaja mita 15 kama kikomo cha mpira wa nusu inchi. Mimi nilikuwa na mita 30, nusu yake ikiwa imejikunja chini ya gari. Nilipoukata na kutumia kichwa cha bafu chenye matundu mapana badala ya bunduki, ndoo ikaanza kushuka siku hiyo hiyo, pampu ikiwa imewashwa.

Kabla ya kuamini uwiano ulioandikwa kwenye pakiti, upime. Pakiti nyingi husema 1:16, yaani lita moja ya ndoo inakutana na lita 16 za mfereji. Hiyo ni kwa presha ya mtengenezaji na mpira wake. Weka lita 2 za maji safi kwenye ndoo ndogo, zamisha mrija, elekeza mwisho wa mpira kwenye mtungi wa lita 20, fungua. Mtungi ukifika lita 20 funga, kisha upime kilichobaki ndooni. (Tumia alama ya lita 20 kama ipo. Mitungi mingi ya mafuta ya kupikia ukiijaza hadi mdomoni hubeba zaidi.) Kama uwiano wako kweli ni 1:16, ndoo itakuwa imepungua karibu lita 1.2. Ikiwa imepungua nusu lita tu, wewe uko kwenye 1:39, na mboga zako zimekuwa zikila chini ya nusu ya kile unachodhani unawapa. Kwangu ilipungua lita 0.9. Hesabu: 19.1 za mfereji kwa 0.9 za ndoo, ambayo ni 1:21.

Nililishangilia jibu hilo kuliko linavyostahili, maana lilinipa namba yangu mwenyewe. Mbolea za kuyeyuka kama 19:19:19 (namba za naitrojeni, fosforasi na potasiamu) kwa mboga mara nyingi hutumika gramu moja hivi kwa lita. Kwa uwiano wa 1:21, lita moja ya ndoo itaishia ndani ya lita 22 za maji ya mwisho, kwa hiyo kila lita ya ndoo naitilia gramu 22. Ndoo ya lita 10 ni gramu 220. Mwenye 1:16 kamili angetia gramu 170. Aliyekisia tu na kutia vijiko vitano vya kujazwa hajui alichotia, na tofauti yake ataiona majanini, kingo zikiungua au majani ya chini yakibaki na umanjano.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu ya lita inalificha. Kinyonyaji hakijui kitanda ni kipi. Kinatoa mbolea kwa dakika. Ndoo ya lita 10 yenye gramu 170, mpira ukitoa lita 10 kwa dakika, inaisha baada ya dakika 17, na gramu zile zote huangukia mahali uliposimama dakika hizo. Ukizigawa sawasawa kwenye kitanda cha mita 1 kwa 10, kila mita ya mraba inapata lita 17 za maji na gramu 17 za mbolea, kiasi cha kufaa kila baada ya wiki mbili kwa sukuma wiki inayochumwa. Ukipokea simu ya shemeji katikati, ukasimama dakika sita ukimwagilia mche mmoja wa nyanya, mche huo umekula sehemu ya theluthi moja ya ndoo. Yamenipata. Nyanya ile ilitoa majani makubwa kama ya boga na matunda mawili.

Si kila kitu kinachoitwa mbolea kinafaa kupita kwenye koo la milimita chache. CAN ina chokaa ndani yake, na chokaa haiyeyuki. DAP ya chembechembe huacha tope chini ya ndoo hata ukoroge asubuhi nzima. Ile 17:17:17 ya gunia ni ya kufukia kwenye udongo. Yurea huyeyuka vizuri sana, na ukitaka kujua kwamba inayeyuka kweli shika ubavu wa ndoo: unapoa ghafla, kana kwamba umetia barafu, kwa sababu yurea inapoyeyuka hufyonza joto la maji. Ngoja ndoo irudi joto lake kabla ya kuanza, maana maji baridi huyeyusha kidogo na mabaki yatakufuata mrijani. Kwenye agroveti, ulizia mbolea ya kuyeyuka kwenye maji yote, usome pakiti.

Changanyiko moja iepuke kabisa ndooni: kalsiamu naitreti pamoja na mbolea yenye fosfeti au salfeti, kama magnesiamu salfeti. Ndani ya maji mengi zinaweza kuonekana zimeelewana, lakini kwenye ndoo nzito zinaungana na kuwa unga mweupe usioyeyuka. Jaribu kwenye glasi: kijiko cha hii, kijiko cha ile, na maji yanageuka kama maziwa. Unga huo ukikaa kooni utakuwa umekiziba kifaa mwenyewe. Nazitumia siku tofauti, na ndoo naisuuza katikati.

Chai ya samadi inawezekana, ila ichujwe kwa kitambaa cha shuka mara mbili na ile ya mavi mabichi isimwagiwe dania wala kitu kitakacholiwa bila kupikwa. Dawa za wadudu zisipitishwe humu kamwe.

Kinachonitia hofu kuliko kuziba ni maji kurudi nyuma. Fikiria uko katikati ya kumwagilia, ndoo imejaa mbolea nzito, na maji ya laini yanakatika. Mlango wa chini jirani anafungua mfereji wake. Bomba lililoachwa tupu linavuta, na njia iliyo karibu ya kuvutia ni mrija wako. Mbolea inapanda kwenye laini na kuelekea jikoni, kwako au kwa mwenzio. Hapa ndipo jina la saifoni linapokuja kuwa kweli, tena kwa ubaya.

Ndoo ya kalsiamu naitreti yenye gramu 17 kwa lita ina takriban miligramu 10,800 za naitreti kwa lita. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 50. Ni zaidi ya mara 200. Mtoto wa chini ya miezi sita anayelishwa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji kama hayo anaweza kupoteza uwezo wa damu kubeba oksijeni, midomo ikawa ya kijivu. Maji hayo hayana harufu, na yakichanganyika kidogo rangi yake hutaiona.

Kwa hiyo valvu ya njia moja kati ya mfereji na kinyonyaji ni lazima. Vinyonyaji vingine vimeijenga ndani, lakini usiiamini kwa maneno ya muuzaji. Kabla kifaa hakijawahi kugusa mbolea, kipulize kwa mdomo ukitokea upande wa mpira huku ukiziba mrija kwa kidole. Hewa ikipita, valvu haipo au imekwama, na ununue nyingine hadiwea uifunge kati ya mfereji na kifaa. Mimi nimeenda mbali zaidi, pengine kwa woga: pampu yangu haivuti kwenye laini ya nyumba tena. Inavuta kwenye pipa la bustani, na pipa linajazwa kwa mpira unaoishia juu ya uso wa maji, haugusi. Pakiwa na pengo la hewa hapo, hakuna kinachoweza kurudi, iwe maji yamekatika au la. Na ndoo haiachwi ikiwa imeunganishwa nikiingia ndani kunywa chai.

Kufunga kwenyewe ni kazi ndogo ikiwa hesi zinakubaliana. Kifaa changu kilitoka Marekani kupitia duka moja la mtandaoni, na hesi za mipira ya bustani kule zina miviringo 11.5 kwa inchi, wakati mifereji yetu ya robo tatu inchi ina 14. Vinaingia mzunguko mmoja na nusu kisha vinakwama, na ukilazimisha kwa spana unaharibu vyote viwili. Plamba niliyemwita aliitazama mara moja, akaniambia nitafute kiunganishi cha kubadilisha hesi kabla ya kununua chochote kingine. Tepu nyeupe haitibu hesi zisizolingana, ingawa nilijaribu kwa safu nyingi kabla ya kumsikiliza.

Kila nikimaliza, mrija nauhamishia kwenye ndoo ya maji safi na kuacha pampu ikimbie dakika mbili. Mwezi uliopita niliruka hatua hiyo kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Wiki iliyofuata ndoo ikashuka nusu ya ilivyokuwa ikishuka, nikafungua, nikaona koo limevaa ganda jeupe jembamba. Usichokonoe kwa msumari, maana ukiliongeza koo hata nusu milimita uwiano wako umebadilika milele. Nilikitumbukiza kwenye siki kwa saa moja, nikakisuuza, nikarudia kipimo cha mtungi. Lita 0.9. Nikachora alama kwa maka nyeusi ubavuni mwa ndoo, ili wakati mwingine nisihitaji kuhesabu, niangalie tu maji yanafika wapi mtungi ukijaa.